Serikali Imehamia Dodoma, Ofisi za Kivukoni Zimebaki na Nani?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ndiyo mpaka leo inayoshika urithi wa majengo ya Tanzania Bara. Kwa sheria hiyo, jengo lolote lililosimamishwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa bila mtu kuliombea. Mlango wa mbao wenye nakshi za Kiafrika au za mashariki nao unalindwa, alimradi ulichongwa kabla ya mwaka 1940. Shuka na sheria hiyo mkononi hadi katikati ya Dar es Salaam, utakwama hapohapo. Mwaka 1863 wajenzi wa Sultani Majid bin Said ndio kwanza walikuwa wanaanza kuugeuza ufuko wa Mzizima kuwa mji. Boma la Kale, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Barabara ya Sokoine, lilijengwa kati ya 1866 na 1867 kuwa nyumba ya kupokelea wageni wa Sultani. Ni miongoni mwa nyumba kongwe kabisa zilizosalia jijini, na limeikosa kinga ya sheria kwa miaka mitatu au minne tu. Ofisi ambazo Wajerumani walizijenga Kivukoni baada ya kuhamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo, mwaka 1891, hazikaribii hata. Kwa hiyo mlango uliochongwa una kinga yake, na ukuta unaoushika mlango huo hauna, mpaka waziri mwenye dhamana autangaze katika Gazeti la Serikali.

Yako majengo yaliyotangazwa. Miaka ya 1990 baadhi ya nyumba za katikati ya jiji ziliingizwa kwenye orodha, na Idara ya Mambo ya Kale imejitahidi kwa uwezo ilionao. Lakini kinga inayotolewa kwa tangazo huondolewa kwa tangazo, na katika mitaa ya Samora, Jamhuri na India tumeziona nyumba za ghorofa moja na mbili zikishushwa, uzio wa mabati ukiwekwa, na mnara wa vioo ukipanda mahali pake. Mwenye kiwanja hesabu zake zinaeleweka. Ardhi ya pale ni ghali, na nyumba ya ghorofa mbili haiwezi kushindana na jengo la ghorofa ishirini kwa kodi ya pango.

Makala haya yanahusu ofisi za serikali, kwa sababu hizo ndizo zilizo katika hali ya pekee. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa kati ya 1898 na 1902, lina waumini wake. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa 1897, ina wagonjwa wa saratani wanaotoka kila mkoa, na hakuna atakayethubutu kuigusa. Ofisi za kikoloni zilikuwa na mwenyeji mmoja tu, naye ni serikali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Ukakaa karibu robo karne kabla Bunge halijahamia huko 1996, kisha Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali yote inahama. Mji wa Serikali wa Mtumba ukajengwa, na wizara moja baada ya nyingine zikafunga majalada. Uamuzi ule wa 1973 ulikuwa na hoja nzuri, nami sina ugomvi nao. Ninachouliza ni nani sasa anayefungua madirisha ya Kivukoni asubuhi.

Tembea kidogo kutoka Azania Front, uzitazame nyumba zile zilizopangana zikielekea bandari. Nyingi ni za ghorofa moja au mbili, na paa lake lenye vigae vyekundu limetoka mbele likaifunika veranda ndefu. Veranda hiyo ndiyo siri ya nyumba nzima. Jua la saa nane mchana linaishia sakafuni mwa veranda, haliugusi ukuta wa chumba. Chumba chenyewe kina mlango na madirisha pande zote mbili, hivyo upepo wa bahari unaingia huku unatokea kule. Dari liko juu sana, hewa ya moto inapanda huko na kumwacha karani chini akiandika. Ukuta ni mnene kiasi kwamba joto la mchana likianza kupenya ndani, watu wameshatoka kazini. Nyumba hizi zilifanya kazi ya ofisi kwa zaidi ya miaka mia moja, na nusu ya muda huo hazikuwa na kiyoyozi. Linganisha na minara mipya iliyo nyuma yake, ambayo umeme ukikatika hukaliki ndani hata saa moja. Wanafunzi wetu wa usanifu majengo wangepaswa kuzipima nyumba hizi sentimita kwa sentimita, maana tunakoelekea na joto hili, ujuzi huo tutauhitaji.

Uzuri huo lakini ulikuwa na mpangilio wake, na mpangilio huo haukuwa wa haki. Tangu 1891 Wajerumani waliweka kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya nyumba, na kwa aina ya nyumba wakawa wamegawa watu. Upande wenye upepo, kuanzia ofisi hizi hadi Ocean Road, ukawa Uzunguni. Nyuma yake ikawa Uhindini, na mbele zaidi, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, ikawa Uswahilini. Waingereza walipoingia Septemba 1916 waliurithi mgawanyo huo wakaukaza. Uwanja wa Mnazi Mmoja ambao leo tunaujua kwa mikutano na sherehe uliachwa wazi ili utenganishe watu na watu. Anayesimama leo kwenye veranda ya Kivukoni akapokea upepo ule mzuri, anapokea upepo uliochaguliwa kwa ajili ya wachache.

Halafu kuna suala la nani aliyelipa. Kodi ya nyumba ilitangazwa 1897, na baba mwenye kibanda kimoja cha makuti ilimpasa apate rupia au akafanye kazi ya serikali. Wafungwa waliofungwa minyororo shingoni, wakienda msururu mmoja, wapo katika picha nyingi za Dar es Salaam ya wakati huo, na kazi zao zilikuwa kubeba, kuchimba na kusafisha. Mpaka leo wazee wa pwani wanakumbuka kusikia kwa wazee wao habari za hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vilivyokuwa adhabu ya kawaida ya bomani. Amri za mambo yote hayo ziliandikwa na kutiwa muhuri katika vyumba vya upande huu wa mji. Vita vya Majimaji vilipowaka Julai 1905, taarifa zilipelekwa Dar es Salaam kwa Gavana Götzen, na majibu yakatoka Dar es Salaam. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi 67 wa Wangoni walinyongwa Songea. Njaa iliyofuata kusini, baada ya mashamba na maghala kuchomwa, iliua watu wengi kuliko risasi. Wako wanahistoria wanaokadiria kwamba waliokufa kwa jumla walifika 300,000.

Hapa ndipo wengi wanapouliza, na wana haki ya kuuliza: nyumba ya namna hiyo ya nini? Kwa nini tusiishushe tukajenga chetu? Nimelisikia swali hili kwa watu wa kila rika, na aghalabu halitoki kwa ujinga wala kwa tamaa ya kiwanja. Linatoka kwa mtu ambaye babu yake alichapwa.

Jibu langu ni kwamba nyumba hizi ni kidhibiti. Mtu aliyedhulumiwa hachomi kidhibiti cha kesi yake, hasa kesi ikiwa bado mbichi. Na kesi hii ni mbichi. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa. Mafuvu na mifupa ya watu wetu bado imo katika makumbusho na vyuo vya Ujerumani, na familia zinaidai. Katika mazungumzo ya namna hiyo, upande wetu unahitaji kila kilichobaki: jalada, picha, simulizi, kaburi, na chumba ambamo saini ilitiwa. Wajerumani wenyewe wametupa mfano wa kitu kama hicho. Sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wa Kijerumani hapa, iliyokuwa imesimamishwa hapa Dar es Salaam mwaka 1909 iliondolewa na Waingereza ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Haikuyeyushwa wala haikusimamishwa tena. Ilihifadhiwa na baadaye ikaonyeshwa makumbusho ikiwa imelala chini, na anayeitazama anaelewa mara moja kilichotokea kwake na kwa nini.

Kuna jambo jingine la ajabu katika utunzaji wetu. Majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yaliingizwa na Unesco katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Dunia nzima imekubali kwamba karatasi zile ni mali ya binadamu wote. Ni maelfu ya majalada kuhusu ardhi, kodi, mashamba, reli, kesi. Watafiti wanasafiri kutoka mabara mengine kuja kuyasoma. Lakini meza zilikoandikwa karatasi hizo, vyumba vilivyozipokea, ngazi ambazo matarishi walizipanda na kuzishuka wakiwa na barua mkononi, hivyo vyote vinasubiri tangazo la waziri. Tumetunza barua, bahasha yake tumeiacha nje mvuani.

Na matarishi na makarani hao wanastahili kusimuliwa zaidi ya tunavyowasimulia. Utawala wa Kijerumani haukuweza kuendesha nchi kwa Kijerumani. Uliendeshwa kwa Kiswahili, kupitia maakida, maliwali na makarani, wengi wao vijana waliosomeshwa katika shule ya serikali ya Tanga iliyoanzishwa miaka ya mwanzo ya 1890. Waingereza waliwakuta vijana hao na wengine waliotoka shule za misheni, wakawaendeleza kazini. Mmoja wao ni Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa 1891 na kusoma Kiungani, Zanzibar. Mwaka 1922 Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga. Mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa Waafrika watatu wa Tanganyika waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Baada ya hapo aliletwa Dar es Salaam kufanya kazi katika Sekretarieti, ofisi kuu ya utawala, ngazi ambayo hakuna Mwafrika mwingine serikalini aliyekuwa ameifikia.

Miaka miwili kabla ya safari ile ya London, yaani 1929, watumishi wa serikali na walimu wa Dar es Salaam walikuwa wameanzisha Chama cha Waafrika, kilichokuja kuitwa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA. Kinachofuata kila mtoto wa shule anakijua: TAA ikawa TANU tarehe 7 Julai 1954. Tunapoisimulia historia hiyo tunaanzia Mtaa wa Lumumba, na ni sawa. Lakini watu waliokutana jioni Kariakoo na Ilala kuzungumza mambo ya chama walikuwa wameshinda mchana kutwa kwenye ofisi za Uzunguni. Huko ndiko walikojifunza kuandika muhtasari wa kikao, kuweka hesabu za mfuko, kupeleka barua ya malalamiko ikafika panapohusika na kutaka jibu lenye tarehe. Huko ndiko walikoona kwa macho yao kwamba mzungu mwenye cheo kikubwa hana akili kuliko wao. Nyumba zilizojengwa kututawala zikawa pia darasa la watu waliouondoa utawala. Ukizibomoa, umewafuta makarani hao pamoja na mabwana zao, na mabwana zao wana vitabu na picha za kutosha huko Ulaya kuwakumbushia. Makarani hawana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote Kivukoni si wa Kijerumani. Jengo ambalo Mahakama ya Rufani ya Tanzania imelitumia kwa miaka mingi lilikuwa Hoteli ya Forodhani, na kabla ya kuwa hoteli lilikuwa Dar es Salaam Club, klabu ya Wazungu wa enzi ya Mwingereza. Mwafrika aliingia pale akiwa amebeba sinia. Mahakama hiyo iliundwa 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na mahakama yake ya rufani kuvunjika nayo. Kwa miaka mingi mjane wa Singida anayedai shamba la marehemu mumewe, shauri lake likipanda hadi juu, limekuwa likifikia majaji Watanzania walioketi katika nyumba hiyo. Hakuna kibao kinachoweza kusema jambo hilo vizuri kama jengo lenyewe linavyolisema kwa kuendelea kutumika. Ingebomolewa mwaka 1961 kwa hasira, na hasira ingekuwa ya haki kabisa, tungepoteza ushindi ambao tunaweza kuushika kwa mkono.

Sasa tuje kwenye ukuta. Watu wa pwani wanajua kujenga kwa jiwe la matumbawe na chokaa tangu enzi za Kilwa, na ofisi nyingi za mwanzo hapa mjini zimejengwa kwa mali hiyohiyo na kwa mikono ya mafundi wa pwani na wa Kihindi, hata mchoro ukiwa wa Mjerumani. Chokaa hiyo hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya tanuri la magogo. Magogo yanapangwa duara, mawe yanarundikwa juu, moto unashika usiku kucha. Mawe yaliyoiva yakimwagiwa maji yanapasuka na kuchemka, yanakuwa unga mweupe, na unga huo unaachwa ukae kwa majuma kadhaa ndipo uchanganywe na mchanga, na mara nyingi na udongo mwekundu. Ukuta uliojengwa hivyo unapumua. Masika unakunywa maji, kiangazi unayatoa, na chumvi ya bahari inatoka nayo.

Tatizo linaanza siku ofisi inapopewa fungu la matengenezo na mkandarasi anakuja na saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Akishapiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, na juu yake rangi ya mafuta, unyevu ulioko ndani unakosa pa kutokea. Mwaka wa kwanza ukuta unapendeza na aliyeidhinisha malipo anapongezwa. Baada ya masika mbili tatu plasta inavimba na kubanduka vipande vikubwa, ikitoka na uso wa jiwe. Anaitwa mkandarasi mwingine, naye anaongeza saruji nene zaidi. Gonga kwa kifundo cha kidole ukuta wa namna hiyo katika jengo lolote la zamani lililopakwa rangi juzijuzi, utasikia mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Ni plasta imeachana na ukuta. Zanzibar bado wako mafundi wanaojua kuchanganya chokaa ipasavyo, kwa sababu Mji Mkongwe umewapa kazi. Dar es Salaam mafundi hao ni wa kutafuta, na kila mwaka unaopita bila jengo la kujifunzia unapunguza idadi yao.

Kinachotokea jengo linapoachwa mpaka likachelewa tumekiona hukohuko Zanzibar. Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa na nguzo za chuma, umeme na lifti wakati miji mingi ya Afrika haijaona taa hata moja. Lilinusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Kuanzia 1911 Waingereza walilifanya ofisi za serikali, na likaendelea hivyo hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Lilikuwa ndani ya eneo la urithi wa dunia tangu 2000, na kila mtu alijua kwamba chuma chake kinaoza na kwamba linahitaji kazi kubwa. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka na watu wawili wakafa. Ikiwa jengo mashuhuri kuliko yote katika mwambao wetu, lenye jina na lenye watalii, limeweza kufikwa na hilo, sijui tunategemea nini kwa ofisi ya ghorofa mbili isiyo hata na jina.

Hata hivyo, yako maboma kadhaa ambako mambo yamekwenda vizuri, na nimefurahi kuyaona. Boma la Iringa, lililojengwa mwaka 1900 na likawa ofisi za serikali kwa vizazi, lilifunguliwa 2016 kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni cha mkoa kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Iringa na wafadhili wake. Linaeleza habari za Wahehe na watu wengine wa Nyanda za Juu Kusini kwa sauti yao. Boma la Kale la Dar es Salaam lenyewe lilikarabatiwa na kuwekwa kituo cha urithi wa usanifu majengo, DARCH, kilichoanzishwa chini ya Chama cha Wasanifu Majengo Tanzania. Ukiingia pale unakuta historia ya jiji kwa ramani na picha, na juu ya kichwa chako boriti za mikoko zikiwa wazi uzihesabu. Mikindani, boma la 1895 limekuwa hoteli. Nairobi nako, ofisi ya mkuu wa jimbo iliyojengwa 1913, ambako vizazi, ndoa na vifo vya mji viliandikishwa, leo ni jumba la sanaa la Makumbusho ya Kenya, na ndani yake uko mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hiyo.

Boma la Arusha linanipa shida kidogo. Lilijengwa karibu na mwaka 1900, baada ya mapigano makali, na Waarusha na Wameru walilazimishwa kulijenga. Tangu 1987 limekuwa Makumbusho ya Elimu Viumbe. Ni makumbusho mazuri, watoto wa shule wanayafurahia, na jengo limepona. Lakini mtoto anayetoka pale akiwa amejifunza wadudu na asili ya binadamu ingefaa atoke pia akijua kwa kina ni nani aliyebeba mawe ya ukuta ule. Kuliokoa jengo na kuisimulia habari yake ni kazi mbili, na mara nyingi tunaifanya ya kwanza tukachoka.

Ndiyo maana siamini kwamba kila ofisi ya Kivukoni igeuzwe makumbusho. Jiji halina wageni wa kujaza makumbusho kumi, na serikali haina fedha za kuyaendesha. Wala sifurahii wazo la kuzifanya zote hoteli na migahawa ya bei kubwa, mwananchi abaki tena nje akiitazama veranda kwa mbali. Ofisi ibaki ofisi panapowezekana. Dar es Salaam ina watu wanaozidi milioni tano, na wote wanahitaji vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja, usuluhishi wa mashauri, maktaba, chumba cha kusomea nyaraka. Mtu wa Mbagala aje Kivukoni kuchukua cheti cha mtoto wake, akae kwenye baraza akisubiri jina lake liitwe, na ukutani asome kwa Kiswahili chumba hiki kilijengwa lini, kwa kodi ya nani, na nani alifanya kazi humu. Huduma ya namna hiyo inaleta watu kila siku ya kazi, na watu ndio wanaoona kigae kilichopasuka mapema.

Yapo mambo ambayo hayahitaji mradi mkubwa wala mfadhili wa nje. Mwaka wa 1863 ulioandikwa katika sheria ulikuwa zaidi kidogo ya karne moja nyuma sheria ilipotungwa. Leo ni zaidi ya karne moja na nusu, na Bunge linaweza kuusogeza mpaka huo ufike angalau mwisho wa utawala wa Kijerumani. Wakala wa Majengo na Idara ya Mambo ya Kale wakae meza moja kabla ofisi yoyote haijakabidhiwa kwa mpangaji mpya, na mkataba utaje chokaa kwa jina, ueleze rangi gani isipakwe, ukataze kutoboa ukuta wa mbele kwa viyoyozi. Vyuo vya ufundi vipewe jengo moja la kufundishia, wanafunzi walitengeneze wakiwa chini ya mafundi wa Mji Mkongwe. Na kabla ya yote hayo mtu apande juu ya mapaa ya Kivukoni mwezi Februari, masika hayajaanza, asafishe mifereji, atoe majani ya mikungu yaliyoziba njia za maji, arudishe vigae vilivyoteleza. Kazi hiyo ni ya siku chache kwa kila jengo, na fedha yake haifiki bei ya kiyoyozi kimoja cha ofisi ya mkurugenzi.